Mwaka Niliomshonea Joho Mnyonya Damu

Furaha alinipigia simu Jumapili, nikiwa dukani kwangu hapa La Rochelle, Johannesburg, napiga pasi suruali za wateja. "Aunty Rukia, Papa Dieu ametuacha. Leo asubuhi. Mimi ndiye nilimkuta." Furaha amezaliwa mji huu; Kiswahili anakisikia chote, lakini akikizungumza anatembea nacho polepole kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Niliisimamisha pasi, nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikalia, naye akanisubiri upande wa pili bila kukata. Kisha akaniuliza kama lile joho bado ninalo. Nikamwambia ninalo. "Eish, aunty, church wanasema avalishwe suti ya bluu. Wanasema ile kitu ya TV haiingii kanisani, ni mambo ya shetani." Nikafuta macho kwa mguu wa suruali ya mteja, Mungu anisamehe. "Furaha," nikamwambia, "wewe shughulika na chai ya wafiwa. La joho niachie mimi."

Joho lenyewe linakaa kabatini nyuma ya mabaibui yangu, ndani ya mfuko wenye dawa ya nondo. Nje ni jeusi, kitambaa kizito cha koti. Ndani ni satini nyekundu, na kola yake imesimama mpaka masikioni kwa sababu niliitia kadibodi ya boksi la viatu. Nimeshona magauni ya harusi katika mji huu, sare za shule, suti za wachungaji watatu waliochukiana, lakini ukiniuliza nguo niliyoipenda kuliko zote nitakuonyesha hiyo. Watu wa rika la Furaha wakiliona hulitambua hapo hapo. Watu wazima wenye magari na mikopo wanaweka vidole viwili kinywani kuwa meno, wanacheka kama wamerudi mbele ya televisheni na bakuli la uji mapajani. Niliposikia kwamba kanisa halilitaki, damu yangu ilichemka. Vita vya joho hilo nilishapigana mara moja, nikiwa sina chochote, na sikushindwa. Sikuona sababu ya kushindwa sasa.

Nilivyofika Johannesburg, nani alinileta na nani alinikimbia, ni habari nyingine, na wahusika wake wako hai na wana midomo. Naanzia pale nilipokuwa na miaka ishirini na moja, nina cherehani ya mkono na kitanda katika chumba cha uani kwa Bi Zena. Bi Zena alikuwa mjane wa Tanga, mfupi, mwenye sauti ya kutosha nyumba mbili, aliyepanga nyumba nzima kutoka kwa Mreno mmoja mzee na kuwapangisha wengine vyumba. Chumba cha mbele alikaa Sefu, kijana wa Dar es Salaam aliyeuza mikanda barabarani. Cha katikati alikaa Mama Furaha wa Lubumbashi, msusi katika saluni ya Yeoville, pamoja na binti yake, huyu Furaha, wakati huo ana miaka saba na pengo mbele. Lakini sote tuliishi jikoni. Naliona mpaka leo: sakafu nyekundu iliyopigwa polishi kila Ijumaa, meza ndefu yenye mguu mmoja uliofungwa kamba, friji inayonguruma, dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Hapo kila mtu alimwaga mchana wake mezani, na mchana wa watu wale ulikuwa ni habari za vibali. "Leo nimeambiwa kesho," Sefu alikuwa akisema huku akivua viatu. "Wiki iliyopita niliambiwa kesho. Hapa mtu anaambiwa kesho mpaka kesho yenyewe inaona haya." Na Mama Furaha: "Mi banasema picha yangu haionekane. Nikapiga ingine. Banasema tena haionekane. Sasa hii sura nitaipeleka wapi?" Bi Zena aliwasikiliza huku anamimina chai, na chai yake ilikuwa na sheria. Aliyeshiba alitakiwa kukipindua kikombe na kukifunika kwenye kisahani. Usipokifunika, anaendelea kukumiminia hata kama unasema basi, kwa sababu, alivyosema, mdomo una haya lakini kikombe hakina. Sijaona desturi hiyo nyumba nyingine yoyote. Huyo ndiye mwanamke aliyenifungulia mlango wakati milango mingine ilikuwa imefungwa, na aliniita mwanangu. Nalisema mapema ili ieleweke kwa nini yaliyofuata yaliniuma.

Kazi niliipata Newtown, katika ghala lililogeuzwa studio. Walikuwa wanatengeneza kichekesho cha watoto cha televisheni, kinachotoka Jumamosi asubuhi, kuhusu familia ya wanyonya damu wanaoishi chini ya jengo la maghorofa humu humu mjini. Walikuwa wanyonya damu wa kutia huruma. Baba alikuwa anaogopa popo. Mama alifuga kuku na hakuwa na moyo wa kumchinja hata mmoja. Na babu yao, waliyemwita Mkhulu, yaani babu kwa Kizulu, meno yake yalikuwa ya bandia na yalidondoka kila aliposogelea shingo ya mtu. Akinusa kitunguu saumu alizimia, tena alizimia taratibu, akitafuta kwanza mahali pasafi pa kuangukia. Kwa kuwa ni kipindi cha watoto, damu ilikuwa marufuku, kwa hiyo walikunywa juisi ya bitiruti na kulamba midomo. Na bitiruti ikimwagikia shati jeupe mbele ya kamera, shati hilo hilo lazima liwe jeupe tena baada ya muda mfupi, kwa sababu watarudia. Kushona na kufua vilikuwa juu yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulipwa kwa kitu ninachokijua. Kabla ya hapo nilikuwa nikiuza soksi kwenye robot, yaani taa za barabarani, nikikimbilia madirisha ya magari taa ikiwa nyekundu, na nilikuwa nimejiapiza kwamba sirudi pale.

Mkhulu aliigizwa na mtu wa Lubumbashi aliyeitwa Dieudonné, sisi tukimwita Papa Dieu, mrefu, mkavu, wa makamo. Hakuwa mwigizaji. Alikuwa mlinzi wa geti la ghala hilo hilo, na siku moja alimkatalia mkurugenzi wa kipindi kuingia kwa sababu hakuwa na kadi. Alimkatalia kwa heshima kubwa na kwa sauti ya kutoka kisimani, mpaka mkurugenzi akasahau kukasirika. Haukupita muda akawa amevaa meno. Kiingereza na Kizulu alivisema kwa lafudhi ya kwao, na watoto wa nchi nzima wakakua wakiamini kwamba wanyonya damu wote duniani wanaongea kama watu wa Lubumbashi. Chini ya unga mweupe na nywele za katani hakuna aliyemjua, naye alitaka iwe hivyo, maana aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa lake Yeoville. "Binti Rukia," aliniambia nilipokuwa nampima mabega, "kule banajua niko mlinzi. Tubaache bajue vile." Mlinzi alikuwa kweli, geti lile hakuliacha mpaka kipindi kilipokolea. Nilimwelewa, nami sikumtaja kwa mtu.

Joho walilomnunulia dukani lilimkaba koo, nikasema nitamshonea jingine. Studio haikuwa na meza ya kukatia, kwa hiyo nikamwambia apitie nyumbani, kwenye meza ya jikoni, akitoka kazini. Alipokuja mara ya kwanza Bi Zena alimtazama mbavu, akamuuliza kazi yake, akaambiwa ni mlinzi, ananiazima tu mabega ya kupimia joho la mteja, akamwekea sahani. Ramadhani ilipoingia tukawa bado tunalijaribisha lile joho, maana kola ilikataa kusimama, na Papa Dieu akawa anafika magharibi, sisi tukiwa tumekaa mbele ya mihogo ya nazi, maharage na kaimati. Hakuwa anafunga, lakini alifuturu kuliko sisi. Kola ikasimama, joho likaisha, yeye akaendelea kuja. Sefu alimtania: "Papa Dieu, jua likizama tu umefika. Hata adhana unaitangulia." Naye akajibu kwa uso mkavu, "Ndugu yangu, mi na jua hatusikilizane." Wote wakacheka, na mimi nikainamisha uso kwenye bakuli. Alijifunza sheria ya chai siku ya pili tu, baada ya kunyweshwa vikombe ambavyo hakuviomba. Alikuwa akikifunika kikombe kwa vidole vitatu, polepole, kisha akakipiga mgongoni kidogo kama anambembeleza mtoto. Na alikuwa akisikiliza. Habari za kesho, habari za picha, zote alizisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, na mimi nilidhani anasikiliza kwa adabu tu.

Sasa, bitiruti ile ya studio haikuwa inatoka vizuri kwenye pamba. Nikaamua kutafuta mwenyewe mchanganyiko utakaoonekana mwekundu kwenye kamera na kutoka kwa sabuni ya kawaida. Nilichemsha bitiruti na sukari na unga laini wa mahindi katika sufuria yangu, mara nzito, mara nyepesi, nikajaza chupa kadhaa na kuziweka friji, nyuma ya maziwa. Nilichukua mashati mabovu, nikayamwagia, nikayaloweka kwenye beseni uani. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba naiweza kazi, wala haikunipitia akilini jambo hilo lingeonekanaje kwa mtu mwingine. Alasiri moja nilirudi nikakuta nyumba nzima imesimama jikoni. Mezani palikuwa na chupa zangu, shati lenye madoa kifuani, kopo la meno ya akiba ya Mkhulu, na lile joho, limetandazwa, satini juu. Hakuna aliyeitikia salamu yangu.

"Rukia," alisema Bi Zena, na hakusema mwanangu. "Unafanya kazi na nani?"

Niliwaambia yote isipokuwa jina la Papa Dieu. Kipindi cha watoto, nikasema, kichekesho, hii ni bitiruti, onjeni. Hakuna aliyeonja, kwanza kwa sababu ya saumu. Wanyonya damu! Neno lenyewe lilinimaliza. Msomaji aliyekulia pwani atanielewa bila maelezo, mwingine nimwambie: kwetu mumiani si kichekesho. Tumelelewa tukijua kwamba wako watu wanaokamata watu, wanawatoa damu ya kutengenezea dawa, na damu hiyo inakwenda kuuzwa mbali. "Kwetu Dar nilipokuwa mdogo," alisema Sefu, "gari la zimamoto likipita tunaingia uvunguni. Lile gari jekundu kwa nini, kama si wao?" Bi Zena akasema mumiani wa Tanga hawakuwa na gari, walikuwa na shimo, mtu anatundikwa miguu juu. Mama Furaha akasema wote wawili hawajui kitu. "Kwetu iko batumbula. Banakutega njiani, banakunusisha kitu, unalala. Kisha banakulisha, unanona sawa nguruwe. Kulisha ndiyo mwanzo." Wakaanza kubishana ni ipi iliyo kweli, shimo, gari au nguruwe, na kwa muda mfupi walinisahau kabisa, mpaka nikapata tumaini la kijinga kwamba yataishia hapo. Ndipo Bi Zena alipogonga meza. "Mtoto wa watu ametoka kwao salama," akasema, "akija kuwatilia watu damu chupani jikoni kwangu nitamjibu nini mama yake? Na humu mna mtoto mdogo. Ama kazi hiyo, ama nyumba hii. Jumamosi nataka jibu."

Nilikuwa na hasira, na niseme wazi, nilikuwa na hofu pia. Ningeweza kuiacha kazi, nikarudi kwenye soksi, nikabaki mwanangu. Ningeweza kuhama, nikapata chumba kwa watu nisiowajua, nikabaki na kazi. Kila mtu mwenye busara angechagua kimoja. Mimi nilikaa kitandani uani, nikatazama beseni la mashati mekundu, nikaamua kwamba nataka vyote viwili na sitaondoka na kimoja. Siku zilizofuata zilinitia ukali zaidi. Kaimati nilizokaanga ziliachwa mezani mpaka zikakauka. Furaha alikatazwa kusogea mlango wangu. Alinipungia mkono kwa siri kupitia dirishani. Papa Dieu aliendelea kuja, maana niliona nikimzuia nitakuwa nimekubali kosa ambalo sikulifanya. Walimpa sahani kama kawaida, na wakamnong'oneza ajihadhari nami. "Sawa, mama," alimjibu Bi Zena, akanitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekabwa. Nje getini aliniambia yuko tayari kusema. Nikamkataza. Kwaya ilikuwa yake, na ugomvi ulikuwa wangu.

Kulikuwa na njia moja tu, nayo ilikuwa imefunikwa kanga. Bi Zena alikuwa na televisheni, kubwa, mgongo umetoka, iliyokaa juu ya kabati sebuleni. Kila Ramadhani ikiandama alikuwa akiifunika kanga na kuifunua siku ya Idi. Hata Sefu, aliyepagawa na mpira, hakuthubutu kuigusa. Kwa mwezi ule alikwenda kutazama dukani kwa yule Mreno mwenye nyumba. Ijumaa, Bi Zena alipomaliza kusali, nilikwenda nikakaa chini mbele yake. Nikamwambia jibu langu liko tayari, mzigo wangu nitaufunga na kuuweka mlangoni, na akitaka niondoke nitaondoka bila neno. "Lakini Bi Zena, kitu unachonifukuzia hujakiona. Kesho asubuhi kinatoka. Funua kanga nusu saa, ukione, kisha unifukuze." Akasema Ramadhani haifunuliwi kwa upuuzi. Nikasema kumtoa mtu nje mwezi wa Ramadhani si upuuzi, nako kunataka ushahidi. Mimi ni mbishi, na wanaonijua wameshaacha kunibadilisha. Nikamkazia macho, naye akanikazia yake. Hakusema ndiyo, lakini hakusema hapana tena.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuta kanga imekunjwa vizuri pembeni mwa kabati. Mzigo wangu ulikuwa mlangoni, cherehani juu yake. Tulikaa wote, Bi Zena akiwa na tasbihi mkononi kama kinga, na kwa sababu kipindi kilikuwa cha Kiingereza na Kizulu, Furaha aliwekwa karibu na kioo atutafsirie. Sikujua kitaoneshwa nini; mimi nilikuwa nafua mashati tu, wala sikuwa nasoma maneno yao. Wimbo ukalia, Mkhulu akatoka kwenye jeneza lake akiwa na joho langu, na Mama Furaha akamfunika mtoto macho. "Mama, toa mkono, sioni," alisema Furaha. "Mkhulu anasema anataka paper. Asipokuwa na paper watamrudisha kwao." Mkhulu alikwenda ofisi ya vibali jua lilipozama, akakuta imefungwa. "Security anasema aje kesho." Akaenda kesho, imefungwa. Ofisi inafunguliwa mchana, naye mchana hawezi kutoka. Akasimama mbele ya geti, akamgeukia mlinzi, akasema kitu kwa ile sauti ya kisimani. Furaha akakunja uso kutafuta maneno. "Anasema, mtu anaambiwa kesho mpaka kesho inaona aibu."

Sefu alisimama. "Hayo maneno yangu," akasema.

"Kaa," alisema Bi Zena.

Mkhulu akaamua kwenda mchana. Alijifunika mablanketi na mwavuli na mfuko mkubwa wa taka, akajipanga kwenye foleni, akasinzia amesimama, akasukumwa na foleni mpaka dirishani. Wakamwambia alete picha. Akaenda kwa mpiga picha. Na wanyonya damu, kama wanavyosimulia huko kwao, hawaonekani kwenye picha. Ile picha ilitoka na kola peke yake, kola yangu, imesimama wima na hakuna mtu ndani. "Mwanamke wa ofisi anasema sura haionekani, aende apige nyingine." Mama Furaha alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Yee! Iko mi huyu! Bamenichukua mi!" Akacheka mpaka akajiegemeza kwa Sefu, na Sefu, ambaye bado alikuwa hajaamua kama ameibiwa au amesifiwa, akaanza kutikisika mabega. Mkhulu akarudi nyumbani amechoka, mjukuu wake akampa bilauri ya bitiruti, akainywa, mjukuu akataka kumwongeza. Mkhulu akaipindua bilauri kwenye kisahani, kwa vidole vitatu, polepole, kisha akaipiga mgongoni kidogo.

Kicheko kilikatika. Tasbihi ya Bi Zena ilisimama. "Nani kamfundisha yule kufunika?" aliuliza. Furaha alikuwa ameshasogea mpaka pua inagusa kioo. "Ni Papa Dieu," alisema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesema ni Jumamosi.

Sefu alikaa chini taratibu. "Mwezi mzima," akasema, "tumemfuturisha mumiani."

Bi Zena alizima televisheni, akairudishia kanga, akazinyoosha pembe zake moja moja. Sikuweza kusoma uso wake. Nilisimama karibu na mzigo wangu nikingoja. "Nani atanimenyea mihogo?" aliuliza, akaenda jikoni. Nikamfuata, nikamenya, na mchana kutwa hakusema neno la zaidi ya nipe na weka. Mzigo ukabaki mlangoni. Mvua ya mawe ilipiga bati alasiri, ikapita. Nilimenya mihogo kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, maana niliona nikionyesha kutetemeka nitakuwa nimeomba huruma, na mimi nilikuwa nataka haki.

Papa Dieu aliingia magharibi kama kawaida, viatu vimelowa, akasalimu, akaona nyumba imenyamaza na mzigo uko mlangoni. Alinitazama, nikainua mabega. Akakaa. Bi Zena aliwapakulia watu wote mchuzi kutoka sufuria kubwa, kisha akaenda mekoni akarudi na bakuli dogo lililofunikwa, akaliweka mbele yake peke yake. "Huu wako," akasema. "Nimeupika mbali. Sikuutia kitunguu saumu. Mgeni wangu simpi kinachomdhuru."

Papa Dieu alilifunua bakuli, akalinusa, na ule uso uliochekesha nchi nzima bila kucheka ukaanza kuvunjika kutoka kidevuni. Machozi yalimtoka, akayaacha yadondoke. "Aksanti, Mama Zena," alisema. "Iko miaka mingi hakuna mtu alinipikia mi yangu." Akaula wote, akafuta bakuli kwa chapati. Mpaka leo sijui kama Bi Zena alikuwa anamtania au alikuwa anajihadhari kweli, na nilipomuuliza miaka mingi baadaye, kabla hajarudi Tanga kufia kwao, alinijibu kwamba mchuzi bila saumu hauna ladha na asingeuharibu kwa utani. Siku ile, alipomaliza kukusanya vyombo, alisimama mbele yangu mikono kiunoni. "Na wewe, mwanangu, mzigo wako umeziba njia. Watu watajikwaa." Nilibeba cherehani uani, nikaketi kitandani, nikalia kwa sauti, nikiwa na vyote viwili.

Kichekesho kile hakikumaliza mwaka. Kikapita, kama vinavyopita vipindi, kikabaki kurudiwa rudiwa, mpaka kanisani kwake nako wakamtambua, naye akaacha kujificha. Mimi nikaachiwa joho, nikapata wateja, na Papa Dieu akaendelea kuja magharibi, Ramadhani na isiyo Ramadhani, akimsomesha Furaha hesabu kwenye meza yenye mguu wa kamba.

Alhamisi tulimzika. Julai ya Johannesburg inakata masikio, kwa hiyo nilivaa joho juu ya baibui, jeusi kwa jeusi, satini ndani, na nikabeba sufuria yangu ya pilau. Shemasi alinisimamisha mlangoni mwa kanisa, akalitazama vazi. "Mama, hilo si lile…" Nikamwambia ni koti langu, na kuna baridi. Huwezi kumvua mama wa watu koti mlangoni mwa kanisa, mwezi kama ule. Nilikaa na kwaya nyuma yangu, nikawasikia wakiimba bila besi yao, na tulipopanga mstari wa kumuaga nilifika mbele ya jeneza, nikavua koti langu, nikamfunika nalo miguu juu ya suti yao ya bluu, nikaisimamisha kola vizuri. Shemasi alifungua mdomo. Nilimtazama kama nilivyomtazama Bi Zena siku ile ya Ijumaa. Akageuka, akawapa kwaya ishara waendelee.

Baadaye watu walikula. Furaha alikaa karibu nami na sahani, akaonja, akaonja tena. "Aunty, hii pilau umesahau kitu."

"Sijasahau," nikamwambia.

Kijiko kilibaki hewani. Kisha akaelewa, akacheka, na kicheko kikamgeukia kilio, nikamshika. Alipotulia nikamuuliza habari ambayo sikuthubutu kuiuliza kwenye simu, alimkutaje asubuhi ile, kama aliteseka, kama aliita mtu. Akafikiri, akatafuta maneno.

"Alikuwa amekaa kwenye kiti," akasema. "Chai aliimaliza. Kikombe alikuwa amekifunika."